Uchanganuzi wa maongezi ya wateja

Uchanganuzi wa maongezi ya wateja ni matumizi ya programu za kompyuta kusikiliza rekodi za simu ambazo wateja hupiga kwa makampuni, benki na mashirika ya umma, kuzigeuza kuwa maandishi, kisha kutafuta ndani yake mambo yanayojirudia. Shabaha yake kuu si kujua mteja mmoja alisema nini, bali kuona wateja wengi wanalalamikia nini, malalamiko hayo yalianza lini, na kama yanaongezeka au yanapungua.

Kazi hiyo huunganisha fani kadhaa: fonetiki, utambuzi wa usemi kwa kompyuta, isimu, na takwimu. Matokeo yake hutegemea mambo mawili: programu imesikia maneno kwa usahihi kiasi gani, na binadamu amehakiki hesabu zake kwa uangalifu kiasi gani. Pasipo uhakiki huo, makosa ya kusikia huonekana kama takwimu halisi, na wateja ambao matamshi yao hayasikiki vizuri kwa kompyuta huachwa nje ya hesabu.

== Chanzo cha haja yake ==

Vituo vya huduma kwa wateja vilikua baada ya kubuniwa mitambo ya kugawa simu zinazoingia kwa wahudumu waliopo. Mmoja unaotajwa sana ni mtambo wa Galaxy wa kampuni ya Rockwell, uliotumiwa na shirika la ndege la Continental Airlines nchini Marekani tangu mwaka 1973.

Mitambo hiyo iliweza kuhesabu simu zilizoingia, muda ambao mteja alisubiri, na muda wa mazungumzo. Haikuweza kueleza mteja alikuwa na shida gani. Ili kulijua hilo palikuwa na njia mbili. Kwanza, mhudumu alichagua sababu ya simu katika orodha fupi kila alipomaliza kuongea. Pili, msimamizi alisikiliza rekodi chache za kila mhudumu kwa mwezi na kumpa alama.

Njia zote mbili zina upungufu. Mhudumu mwenye foleni ndefu ya simu huchagua "mengineyo" ili awahi mteja anayefuata. Orodha yenyewe huandaliwa kabla ya tatizo kutokea, kwa hiyo tatizo jipya halina mahali pake. Msimamizi naye husikia sehemu ndogo sana ya simu zote. Tatizo linalotokea mara 1 katika kila simu 200 linaweza kupita miezi kadhaa bila kufika masikioni mwake, ingawa katika kituo kinachopokea simu 10,000 kwa siku watu 50 hulilalamikia kila siku. Uchanganuzi kwa kompyuta ulibuniwa kuziba pengo hilo, kwa kuwa programu inaweza kupitia simu zote.

== Historia ya teknolojia ==

Mwaka 1952 wataalamu wa Bell Labs nchini Marekani walitengeneza mashine iliyoitwa Audrey. Iliweza kutambua tarakimu kumi, kuanzia sifuri hadi tisa, zikitamkwa mojamoja na mtu ambaye mashine ilikuwa imerekebishwa kwa sauti yake. Mwaka 1962 kampuni ya IBM ilionyesha mashine ya Shoebox katika maonyesho ya dunia mjini Seattle. Yenyewe ilitambua maneno 16. Kati ya mwaka 1971 na 1976 wizara ya ulinzi ya Marekani iligharimia mradi wa utafiti ambao ulizaa, pamoja na mengine, mfumo wa Harpy wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wenye msamiati wa maneno 1,011.

Mabadiliko makubwa yalifuata pale watafiti walipoacha kuifundisha kompyuta kanuni za matamshi na kuanza kutumia hesabu za uwezekano. Kundi la Frederick Jelinek katika IBM lilikuwa mstari wa mbele. Katika njia hiyo kompyuta haiulizi kama sauti fulani ni neno fulani. Inakadiria ni mfuatano upi wa maneno wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa umetoa sauti zile zilizosikika.

Mazungumzo ya simu yalibaki kuwa magumu kuliko hotuba au habari za redio, kwa sababu watu hukatizana, husita, hurudia maneno na kuacha sentensi katikati. Ili kulisoma tatizo hilo, kampuni ya Texas Instruments ilikusanya mwanzoni mwa miaka ya 1990 mkusanyo wa mazungumzo ya simu ya Kiingereza uitwao Switchboard, wenye mazungumzo takriban 2,400. Mkusanyo huo ukawa kipimo ambacho watafiti walishindania kwa miaka mingi. Mwezi Oktoba 2016 watafiti wa Microsoft walitangaza kwamba mfumo wao ulikosea asilimia 5.9 tu ya maneno katika jaribio la Switchboard, wakasema kiwango hicho kinalingana na cha wanukuzi wa kibinadamu.

Programu za kibiashara za kuchanganua simu za wateja zilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Miongoni mwa makampuni ya kwanza ni Nexidia, iliyotokana na utafiti wa chuo cha Georgia Tech, na CallMiner, iliyoanzishwa mwaka 2002. Zote ni za Marekani. Tangu miaka ya 2010 mitandao ya neva bandia imechukua nafasi ya mbinu za awali. Mwezi Septemba 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa bure mfumo wa Whisper, uliofunzwa kwa saa 680,000 za sauti za lugha nyingi, Kiswahili kikiwa mojawapo. Kuanzia hapo hata asasi ndogo ziliweza kujaribu unukuzi wa kompyuta bila kununua leseni ya bei kubwa.

== Hatua za kazi ==

=== Kurekodi ===

Sauti ya simu ya kawaida ni hafifu kuliko ya studio. Mfumo wa simu wa kidijitali hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, na hupitisha hasa mawimbi ya kati ya hezi 300 na 3,400. Sehemu kubwa ya nguvu ya konsonanti kama s na f iko juu ya mpaka huo. Ndiyo maana mtu akitaja jina lake kwa simu mara nyingi huombwa alitaje herufi kwa herufi, na kompyuta hupata shida hiyohiyo.

Kituo kilichopangwa vizuri hurekodi sauti ya mteja na ya mhudumu katika njia mbili tofauti. Zikirekodiwa katika njia moja, programu hulazimika kukisia nani anaongea, na hukosea zaidi pale wanapoongea kwa pamoja.

=== Kugeuza sauti kuwa maneno ===

Zipo njia mbili kuu. Ya kwanza ni unukuzi kamili, yaani programu huandika kila neno lililosemwa. Ya pili ni utafutaji wa fonimu: programu haiandiki maneno, bali huhifadhi mfuatano wa sauti za msingi, na mtafutaji akitaka neno fulani, neno hilo hugeuzwa kuwa sauti zake na kutafutwa. Njia ya pili ndiyo iliyoipa Nexidia jina. Ina faida kwa majina mapya ya bidhaa au ya mahali ambayo hayamo katika msamiati wa programu, lakini huleta makosa mengi kwa maneno mafupi, kwa kuwa sauti zake hupatikana ndani ya maneno mengine. Njia ya kwanza ndiyo iliyoenea zaidi leo.

=== Kupanga kwa mada ===

Maandishi yakishapatikana hupangwa kwa mada. Njia rahisi ni ya kutunga kanuni: simu yoyote ambayo mteja ametaja "makato" pamoja na "mara mbili" iwekwe katika kundi la malipo yaliyorudiwa. Kanuni hizo hueleweka na mtu yeyote na ni rahisi kurekebisha, ila hupata tu kile ambacho mtunzi alikifikiria.

Njia nyingine huacha kompyuta itafute makundi yenyewe. Moja ya misingi yake ni wazo lililotolewa mwaka 1972 na mtaalamu wa Uingereza Karen Spärck Jones: neno linalopatikana katika nyaraka chache lina uzito mkubwa zaidi wa kutofautisha nyaraka kuliko neno linalopatikana kila mahali. Neno "habari" liko karibu katika kila simu, hivyo halisaidii. Neno "stakabadhi" liko katika simu chache, hivyo huonyesha mada. Mwaka 2003 David Blei, Andrew Ng na Michael Jordan walichapisha mbinu ya takwimu inayogundua mada ndani ya maandishi mengi bila kupewa orodha. Siku hizi modeli kubwa za lugha hutumiwa pia kufupisha kila simu kwa sentensi mbili au tatu. Muhtasari wa aina hiyo husomeka vizuri, lakini unaweza kuongeza jambo ambalo mteja hakulisema, kwa hiyo nao huhitaji kulinganishwa na rekodi.

== Kutofautisha mwelekeo na mabadiliko ya kawaida ==

Kosa la mwanzo katika kazi hii ni kuangalia idadi ya simu badala ya uwiano wake. Mfano ufuatao ni wa kubuni. Kampuni moja ya maji inafuatilia malalamiko ya bili kutozwa mara mbili:

* Wiki ya kwanza: simu 8,000, kati yake 240 zina lalamiko hilo, yaani asilimia 3.
* Wiki ya pili: simu 10,000, kati yake 300, yaani asilimia 3.
* Wiki ya tatu: simu 9,000, kati yake 540, yaani asilimia 6.

Katika wiki ya pili malalamiko yaliongezeka kwa 60, lakini simu zote ziliongezeka pia, na uwiano haukubadilika. Katika wiki ya tatu simu zote zilipungua ilhali uwiano ulipanda maradufu. Hapo ndipo pana jambo la kuchunguzwa.

Hata uwiano hupandashuka bila sababu maalumu. Mwaka 1924 Walter Shewhart, aliyekuwa akishughulikia ubora wa vifaa vya simu katika kampuni ya Western Electric, alibuni chati ya udhibiti. Chati hiyo huchora wastani wa kipindi kilichopita pamoja na mpaka wa juu na wa chini. Nukta zikibaki ndani ya mipaka, kupandashuka huchukuliwa kuwa kwa kawaida. Nukta ikivuka mpaka, sababu hutafutwa. Chati za aina hiyo bado hutumika katika kufuatilia mada za simu.

Mchanganuzi huzingatia pia majira. Simu za malipo huongezeka mwisho wa mwezi, na shule zinapofunguliwa, na kuelekea sikukuu. Kwa sababu hiyo wiki ya kwanza ya Januari hulinganishwa na wiki ya kwanza ya Januari iliyotangulia, si na wiki ya katikati ya Novemba peke yake.

Zaidi ya hayo, mabadiliko yanaweza kutoka katika kipimo chenyewe. Programu ikibadilishwa, kanuni ikiongezwa neno, au wahudumu wakiagizwa kusema sentensi mpya yenye neno linalotafutwa, chati itapanda ingawa wateja hawajabadilika. Kanuni zilizotungwa vizuri hutafuta neno upande wa mteja tu.

== Uhakiki wa hesabu ==

Namba inayotolewa na programu huhakikiwa kwa masikio ya watu. Maswali ni mawili. Je, simu zilizowekwa katika kundi ni za kundi hilo kweli? Na je, ni simu ngapi za kundi hilo zimeachwa nje?

Katika mfano wa kampuni ya maji, wasikilizaji huchukua simu 50 kwa kubahatisha kutoka zile 540. Wakikuta 40 ni malalamiko ya kweli, usahihi ni asilimia 80, na makadirio ya malalamiko ya kweli ndani ya kundi ni 432. Kisha huchukua simu 100 kutoka zile 8,460 zilizobaki. Wakikuta 1 yenye lalamiko hilo, huenda kuna nyingine kama 85 zilizopotea. Jumla hukaribia 517, yaani asilimia 5.7 ya simu zote. Makadirio haya ya pili ni dhaifu kwa kuwa yamejengwa juu ya simu moja, hivyo sampuli kubwa zaidi huhitajika kabla ya kuyategemea. Zoezi hilohilo lazima lifanywe kwa wiki zilizotangulia, la sivyo namba iliyosahihishwa italinganishwa na namba zisizosahihishwa.

Ubora wa unukuzi wenyewe hupimwa kwa kiwango cha makosa ya maneno. Maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa idadi ya maneno yaliyosemwa kweli. Mteja akisema "sijapata pesa zangu tangu jana jioni", na kompyuta ikaandika "nimepata pesa zangu jana jioni", neno moja limebadilishwa na moja limeachwa. Makosa ni 2 katika maneno 6, yaani asilimia 33.

Kipimo hicho hakipimi uzito wa kosa. Kompyuta ikiandika "hela" mahali pa "pesa", ni kosa moja na maana haijaharibika. Ikiandika "nimepata" mahali pa "sijapata", nalo ni kosa moja, lakini lalamiko limegeuka kuwa shukrani. Kwa hiyo kituo makini hupima makosa kwa maneno yale yanayobeba mada, si kwa maneno yote kwa jumla.

== Tofauti kati ya wasemaji ==

Makosa ya programu hayagawanyiki sawa kwa watu wote. Mwaka 2020 Allison Koenecke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti juu ya mifumo mitano ya unukuzi ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa wastani mifumo hiyo ilikosea asilimia 19 ya maneno ya Wamarekani weupe na asilimia 35 ya maneno ya Wamarekani weusi.

Katika uchanganuzi wa simu za wateja tofauti ya namna hii ina madhara ya moja kwa moja. Kundi ambalo maneno yake husikika vibaya huonekana kuwa na malalamiko machache, kwa sababu malalamiko yake hayakuandikwa. Kampuni ikipanga matengenezo kwa kufuata chati, huwahudumia kwanza wale ambao kompyuta inawasikia. Dawa yake ni kupima makosa kwa kila kundi la wasemaji peke yake, na kuongeza usikilizaji wa binadamu pale makosa yanapozidi.

== Kiswahili ==

Kiswahili kina sifa zinazohitaji uangalifu wa pekee katika kazi hii.

Kwanza, kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, njeo, ukanushi na mtendwa katika neno moja. Mteja anaweza kusema "nimekatwa", "wamenikata", "zimekatwa", "mnanikata" au "sijakatwa". Programu inayotafuta neno zima itapata moja na kuacha mengine. Inafaa kutafuta mzizi "-kat-". Lakini mzizi huo umo pia ndani ya "katika", "mkataba" na "simu imekatika", kwa hiyo kanuni lazima iziondoe simu hizo. Ukanushi nao hukaa katika silabi moja au mbili fupi za mwanzo, ambazo humezwa kwa urahisi na kelele za barabarani.

Pili, maneno ya jambo moja hutofautiana kwa mahali. Fedha huitwa pesa, hela au fedha nchini Tanzania na Kenya. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo husikika pia falanga. Nchini Tanzania mtu huzungumzia "muamala" wake, ilhali Kenya wengi hutumia neno la Kiingereza. Kanuni iliyotungwa Dar es Salaam haiwezi kuhamishiwa Nairobi au Lubumbashi bila kupitiwa upya na wenyeji wa huko.

Tatu, wasemaji huchanganya lugha. Mzizi wa Kiingereza hupewa viambishi vya Kiswahili ndani ya neno moja, na vijana wa mijini Kenya hutumia Sheng, ambayo msamiati wake hubadilika haraka. Modeli iliyofunzwa kwa habari za redio au maandiko ya vitabu haijawahi kuyasikia maneno hayo.

Nne, adabu huchelewesha shida. Mazungumzo mengi huanza kwa salamu na kuulizana hali, na lalamiko hutajwa baadaye kwa upole: "Samahani dada, naomba unisaidie kidogo." Programu iliyozoea wateja wa nchi nyingine, wanaoanza kwa kutaja kosa, inaweza kuihesabu simu hiyo kuwa ya mteja aliyeridhika.

Sauti za kufunzia kompyuta kwa Kiswahili zimeongezeka kutokana na mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, ambamo watu hujitolea kusoma sentensi na kuhakiki rekodi za wenzao. Mwaka 2021 Mozilla ilitangaza mpango maalumu wa Kiswahili kwa msaada wa wafadhili. Rekodi hizo ni za watu wanaosoma sentensi zilizoandikwa. Mazungumzo huru ya simu bado ni jambo tofauti.

Haja ya kazi hii katika Afrika ya Mashariki imekua pamoja na huduma za fedha kwa simu. M-Pesa ilianzishwa Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Mtu aliyetuma pesa kwa namba isiyo sahihi hawezi kusubiri barua ijibiwe. Hupiga simu papo hapo. Kwa hiyo mabadiliko katika simu za huduma hizo yanaweza kuonyesha mapema hitilafu ya mtambo au mbinu mpya ya utapeli.

== Matumizi ==

Matumizi yenye manufaa zaidi ni yale yanayofikisha habari kwa idara inayoweza kuondoa chanzo cha tatizo. Wateja wengi wakiuliza maana ya mstari fulani katika bili, tiba si kuwafundisha wahudumu kujibu haraka, bali kuuandika upya mstari huo. Wakilalamikia msimbo wa kuthibitisha usiofika, ripoti hupelekwa kwa mafundi wa mtandao. Baada ya marekebisho, mada hiyohiyo hufuatiliwa tena ili kuona kama imeshuka.

Matumizi mengine ni kugundua maneno mapya yanayoibuka ghafla, kama vile jina la mtu anayejifanya ofisa wa kampuni. Kuhakikisha kwamba masharti ya mkopo yamesomwa kwa mteja kama sheria inavyotaka. Na kupima simu za kurudia, yaani mteja anayepiga tena kwa shida ileile kwa kuwa mara ya kwanza hakusaidiwa.

== Hisia na kazi ya wahudumu ==

Programu nyingi hudai kutambua hasira au kuridhika kwa kupima kasi ya usemi, kimo cha sauti, ukimya na maneno. Madai haya yana ubishi. Mtu anaweza kupaza sauti kwa sababu yuko sokoni au mtandao ni hafifu, na mwingine akakasirika huku akiongea polepole. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili bandia ya mwaka 2024 imekataza kutumia mifumo ya kukisia hisia za wafanyakazi mahali pa kazi, isipokuwa kwa sababu za kitabibu au za usalama. Katazo hilo lilianza kufanya kazi tarehe 2 Februari 2025.

Kwa wahudumu, tofauti kubwa ni kwamba zamani simu chache tu zilipewa alama, na sasa kila simu inaweza kupewa. Hali hiyo inaweza kuwalinda, kwa kuwa mhudumu haadhibiwi kwa simu moja mbaya iliyochaguliwa kwa bahati. Inaweza pia kuwabana. Mchumi wa Uingereza Charles Goodhart aliandika mwaka 1975 hoja ambayo sasa hutajwa kwa jina lake: kipimo kikishafanywa kuwa shabaha, hupoteza thamani yake kama kipimo. Wahudumu wakipewa alama kila wanaposema "pole sana", neno hilo litasikika katika kila simu, na halitaonyesha tena nani aliyemjali mteja. Aidha alama iliyotokana na unukuzi wenye makosa humdhulumu mhudumu ambaye lafudhi yake haieleweki kwa programu. Kwa hiyo haki ya mhudumu kuisikiliza rekodi na kuipinga alama ni sehemu ya utaratibu mzuri.

== Faragha na sheria ==

Rekodi ya simu ni taarifa binafsi. Ndani yake kuna jina, namba ya simu, salio, mara nyingine ugonjwa au mgogoro wa kifamilia. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa kadi za malipo hukataza kuhifadhi namba ya siri ya uhakiki wa kadi baada ya malipo kuidhinishwa, kwa hiyo vituo hulazimika kusimamisha au kufuta sehemu hiyo ya rekodi.

Sheria za ridhaa hutofautiana. Nchini Marekani sheria ya shirikisho huruhusu kurekodi iwapo mmoja wa wanaoongea amekubali, lakini jimbo la California hudai ridhaa ya wote katika mazungumzo ya faragha. Katika Umoja wa Ulaya kanuni ya jumla ya ulinzi wa data imetumika tangu tarehe 25 Mei 2018. Katika Afrika ya Mashariki, Kenya na Uganda zilitunga sheria zao za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022, ambapo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Kwa jumla sheria za aina hii hutaka mtu aambiwe taarifa zake zinakusanywa kwa lengo gani, na zisitumike kwa lengo jingine lisilopatana na lile. Hapo pana swali la msingi: tangazo la kwamba simu inarekodiwa "ili kuboresha huduma" halimwambii mteja kwamba kompyuta itapima hisia zake. Mwaka 2022 mamlaka ya ulinzi wa data ya Hungaria ilitangaza kuitoza benki moja faini ya forinti milioni 250 kwa kuchanganua simu za wateja kwa akili bandia na kukisia hisia zao bila kuwaeleza ipasavyo na bila kuwapa nafasi ya kukataa.

== Mipaka ==

Uchanganuzi wa maongezi huonyesha mawazo ya watu waliopiga simu na kufanikiwa kuongea. Hauonyeshi waliokata tamaa kwenye foleni, wasio na salio pale ambapo simu si ya bure, viziwi, wala wale waliokwisha kuhamia kampuni nyingine bila kusema neno. Tatizo kubwa likikata mawasiliano yenyewe, simu za kulilalamikia hupungua badala ya kuongezeka. Kwa sababu hiyo kushuka kwa mstari katika chati hakuthibitishi kwamba shida imekwisha, mpaka kulinganishwe na vyanzo vingine kama vile barua, ripoti za mawakala na kumbukumbu za mitambo.

Vilevile uchanganuzi huonyesha kwamba mambo mawili hutokea pamoja, lakini hauthibitishi kwamba moja limesababisha jingine. Malalamiko yakipanda wiki ileile ambayo bei imebadilishwa, bei inaweza kuwa sababu, na pia yaweza kuwa mtambo uliharibika wiki hiyohiyo. Jibu hupatikana kwa kurudi kwenye simu zenyewe na kusikiliza wateja wanasema nini.